Jani Lenye Matundu

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kuchora kipepeo kwa ajili ya kitabu cha sayansi cha shule ya msingi. Mchoro wenyewe kila aliyepita darasani anaujua: duara lenye mishale minne, yai, lava, pupa, kipepeo, kisha mshale unarudi kwenye yai. Nikauchora. Ulipokamilika nikauona mkavu, kiwavi ananing'inia hewani kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Nikamwekea jani la mchungwa. Na kwa kuwa nimekulia Muheza, na viwavi wa mchungwa nawajua tangu sijaanza kuvaa viatu, nikalitafuna jani lile kwa kalamu: matundu mawili, na ukingo mmoja umeliwa mpaka kwenye uti.

Mhariri akanirudishia. Jani limechafuka, aliandika, weka jani zima au liondoe. Nikaliondoa. Kodi ya nyumba Dar haingoji kiwavi amalize kula.

Kisa hiki nilishakisahau, mpaka usiku mmoja nilipokuwa napekua nakala za vitabu vya kale ambazo maktaba za Ulaya zimeziweka mtandaoni. Nilikuwa natafuta namna ya kuchora vumbi la mabawa ya nondo kwa kazi nyingine kabisa. Nikakutana na mchungwa. Tawi lenye chungwa, kiwavi mnene amelikumbatia, kifukofuko chake kipo, na nondo mkubwa wa rangi ya matofali amekunjua mabawa. Nikavuta picha karibu. Majani yameliwa. Yameliwa vizuri, kwa meno ya mdudu halisi, si kwa mkasi wa mchoraji. Kitabu kilichapwa Amsterdam mwaka 1705. Nilicheka peke yangu saa saba za usiku, nikatamani kumtumia mhariri wangu ile picha.

Mchoraji ni Maria Sibylla Merian. Tangu usiku ule sijamwacha, na nimekuwa mzigo kidogo kwa marafiki zangu.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 2 Aprili 1647, katika nyumba ya wino na shaba. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mchongaji na mchapishaji mwenye jina kubwa. Alifariki binti akiwa na miaka mitatu tu. Mama akaolewa na Jacob Marrel, mchoraji wa maua, na huyu baba wa kambo ndiye aliyemshikisha Maria brashi. Katika michoro ya maua ya zama zile mdudu alikuwa pambo. Kipepeo anatupiwa pembeni ya chombo cha maua, mbawakawa anawekwa chini ya waridi, kama kachumbari pembeni ya sahani ya pilau. Hakuna aliyeuliza kama kipepeo yule na ua lile wanajuana.

Yeye akauliza. Akiwa na miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri na kuandika anachokiona. Aliwalisha majani ya mforosadi, na yalipokosekana akawapa saladi. Kutoka kwa viwavi wa hariri akahamia kwa viwavi wengine, wale ambao hawana faida kwa mtu yeyote, akaendelea nao kwa zaidi ya miaka 50.

Wakati ule watu wengi, na wasomi wakiwamo, waliamini kwamba wadudu huzaliwa na uozo: matope yakikaa hutoa wadudu, nyama ikioza hutoa mabuu. Niseme ukweli hapa, maana makala nyingi za mtandaoni zinamfanya Merian kuwa ndiye peke yake aliyeuvunja uzushi huo, na si kweli. Mwaka 1668 Mwitaliano Francesco Redi aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika, akaonyesha kwamba nzi asipopata pa kutagia mabuu hayatokei. Uholanzi kulikuwa na Jan Swammerdam na kitabu chake cha 1669, na kabla yake Jan Goedaert, ambaye naye alifuga viwavi na kuwachora. Kwa hiyo habari kwamba kiwavi hugeuka kipepeo haikuwa siri ya Merian.

Upya wake ulikuwa kwenye jani. Goedaert alimchora kiwavi, pupa na kipepeo juu ya karatasi tupu. Merian alimrudisha mdudu nyumbani kwake. Kila picha ni mmea mmoja, na juu ya mmea huo yupo yule anayeula, kuanzia yai hadi bawa. Aliwahi kugundua, kwa njia ambayo kila mfugaji huigundua, yaani kwa kuua, kwamba kiwavi wa mmea fulani ukimnyima mmea wake hufa njaa ukiwa umemzungushia majani mengine mia. Ukilitazama duara la darasani kwa jicho hilo unaona upungufu wake. Linasema nini kinafuata nini. Halisemi wapi, wala kwa chakula gani.

Kuna udanganyifu pia katika mtindo wake, na kama mchoraji naupenda zaidi kuliko ukweli wake. Yai, kiwavi, pupa na kipepeo wa mdudu yule yule hawawezi kuwa kwenye tawi moja kwa wakati mmoja. Ua na tunda navyo mara nyingi havikutani. Yeye anavipanga vyote pamoja, wiki sita kwenye tawi moja, na jicho halishtuki hata kidogo.

Kitu kingine kilichoniteka ni maneno yake. Aliandika Kijerumani cha nyumbani. Vipepeo aliwaita "ndege wadogo wa kiangazi". Pupa aliliita "kokwa ya tende". Nilipolisoma hilo niliweka simu chini. Mara ngapi nimefuturu, nikatema kokwa kwenye kiganja, nikaiona ile rangi ya kahawia, mikunjo yake, ule mfereji wa kati? Ndiyo pupa la nondo hilo hasa, ukilichimbua kwenye udongo wa bustani. Sisi wachora vitabu tumezoea kuandika "pupa" na kuendelea na safari.

Mwaka 1665, akiwa na miaka 18, aliolewa na Johann Andreas Graff, mwanafunzi wa baba yake wa kambo, na baadaye wakahamia Nuremberg. Wakapata mabinti wawili: Johanna Helena mwaka 1668 na Dorothea Maria mwaka 1678. Sheria za vyama vya mafundi mjini humo ziliwafungia wanawake mlango wa rangi za mafuta, zile zenye hela, hivyo yeye akabaki na rangi za maji. Alifundisha mabinti wa matajiri kuchora na kutarizi, akatoa vitabu vya maua ambavyo vilikuwa vielelezo vya sindano. Na pembeni ya yote hayo alikuwa na masanduku ya viwavi. Mwaka 1679 akatoa kitabu chake cha kwanza juu yao, picha 50, kila moja na maelezo; mwaka 1683 akatoa cha pili, picha nyingine 50.

Nimejaribu kufanya anachokifanya, mara moja, kwa hiyo naweza kuzungumza kwa kiburi kidogo. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani Muheza nilichukua viwavi watatu kutoka kwenye miche ya michungwa ya mama. Wa mchungwa wakiwa wadogo huwa weusi wenye bato jeupe, ungesema ni mavi ya ndege yamedondokea jani, na nadhani ndivyo wanavyotaka udhani. Wakikua wanageuka kijani. Ukiwagusa, wanatoa pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali ambayo haitoki mkononi hata kwa sabuni ya mche.

"Hao ndio wanaonimalizia miche yangu," mama akasema, akiwaona ndani ya chupa ya jamu. "Wewe unawapikia?"

"Nawachora, mama."

"Wachore haraka basi."

Kumchora kiwavi kumbe ni kazi ya jikoni. Anakula mchana, anakula usiku, jani likinyauka halitaki, unatoka na tochi kutafuta bichi. Kinyesi kinajaa, ukungu unaingia. Mmoja alikufa siku ya tatu, sijui kwa nini. Wa pili alipanda kijiti, akajifunga kwa uzi mmoja kiunoni kama mkwezi wa minazi, akawa pupa. Wa tatu naye hivyo hivyo. Nikasubiri. Kutoka pupa la kwanza akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano, amelowa, akakaa saa nzima akikausha mabawa. Lile la pili likawa jeusi. Asubuhi moja nikakuta tundu la duara, dogo kama la sindano ya kushonea magunia, na ndani ya chupa kuna vinyigu vingi, kila kimoja hakizidi punje ya ulezi.

Nilifikiri nimeharibu. Kumbe ndiyo hali ya mambo: kuna nyigu wanaotaga ndani ya mwili wa mdudu mwingine, na watoto wao humla kwa ndani. Merian lilimtokea mara nyingi. Alingoja kipepeo wakatoka nzi. Hakuwa na maelezo, na hakuna mtu wa zama zake aliyekuwa nayo yote, lakini aliwachora. Mpaka leo wapo kwenye picha zake, wale wageni wadogo pembeni ya pupa, kabla sayansi haijajua wanafanya nini pale. Mimi kwenye duara langu ningewaweka kwenye mshale gani?

Sehemu inayofuata ya maisha yake waandishi wa riwaya wanaipenda sana, nami naipita haraka. Mwaka 1685 alimwacha mumewe, akaenda na mama yake na mabinti zake kuishi na jumuiya ya Kikristo yenye masharti makali huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Mume alimfuata, hakupokelewa. Mama yake alipofariki, Maria akahamia Amsterdam mwaka 1691 na kuanza biashara ya uchoraji na mabinti zake.

Amsterdam ilikuwa mji wa bandari uliojaa vitu vilivyokufa. Matajiri kama Nicolaes Witsen, meya wa mji, na tabibu Frederik Ruysch walikuwa na makabati ya vipepeo na mbawakawa kutoka makoloni ya mashariki na magharibi. Merian alialikwa akaviona. Vilikuwa vizuri, ameandika, lakini hapakuwa na habari ya jinsi vilivyozaliwa wala jinsi vilivyogeuka kuwa hivyo. Kipepeo kwenye pini hana jani. Basi mwaka 1699, akiwa na miaka 52, akauza michoro yake, akaandika wosia, akapanda meli kwenda Suriname, koloni la Uholanzi kwenye pwani ya Amerika ya Kusini. Alikwenda na binti yake Dorothea, mwenye miaka 21. Hakukuwa na mwanamume wa kuwasindikiza wala mfalme wa kuwalipia.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Suriname ilikuwa miwa. Ilikuwa Waafrika waliotolewa Guinea na Angola, wakifa mashambani kwa kasi ambayo meli nyingine zililazimika kuja kujaza nafasi. Masetla walimcheka Merian, ameandika mwenyewe, kwa kutafuta kitu chochote nchini humo kisichokuwa sukari. Kuna wanaoinukuu sentensi hiyo kumsifu, na sifa inamstahili: kati ya watu waliotazama msitu na kuona mapipa ya sukari, yeye aliona viwavi. Lakini kurasa chache mbele anaeleza jinsi msitu ulivyokuwa mzito wa miba, hata ikabidi awatangulize watumwa wake na mashoka wamfungulie njia. "Watumwa wake." Anaandika hivyo bila kusita, kama ninavyoandika "brashi zangu".

Mimi ni mtu wa Muheza. Pangani si mbali. Karne ya 19 kulikuwa na mashamba ya miwa kwenye bonde lile, yakilimwa na watumwa, chini ya mabwana waliozungumza lugha hii hii ninayoandikia. Kwa hiyo sina mahali pa juu pa kusimama nimrushie mawe mwanamke wa Frankfurt. Lakini sitaki pia kuiruka sentensi ile ili nifike haraka kwa vipepeo.

Hasa kwa kuwa waliomfungulia njia ndio pia waliomwambia. Kiasi kikubwa cha anachokijua kuhusu mimea ya Suriname, ipi inaliwa, ipi inatibu jeraha, ipi inatia uzi rangi, kilitoka vinywani mwa wenyeji na watumwa, na yeye anasema hivyo. Anataja "Mhindi wangu", yaani mwenyeji wa Amerika, anataja "mwanamke mweusi". Majina hakuna. Katika kitabu ambacho kila kiwavi amepewa ukurasa wake, hakuna hata jina moja la mtu aliyemleta.

Picha ninayoirudia zaidi ni ya ua analoliita ua la tausi. Kama umekaa Tanga au Dar umeliona: kichaka chenye majani madogo madogo kama ya mkrismasi, maua mekundu yenye kingo za njano na nyuzi ndefu zinazochomoza, linapandwa kwenye uzio wa ofisi na shule. Kwenye shule yangu ya msingi lilikuwepo, tukilichezea harusi. Merian analichora pamoja na kiwavi wake na nondo wake, kisha anaeleza kwamba wanawake wenyeji, wanaotendewa vibaya na Waholanzi, hutumia mbegu zake kuharibu mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Anaongeza kwamba Waafrika kutoka Guinea na Angola walitishia kukataa kuzaa mpaka watendewe vyema. Kwamba wengine walijiua kwa mateso, wakiamini watazaliwa upya wakiwa huru katika nchi yao. Na anamalizia: haya wameniambia wao wenyewe.

Hakuna jambo lolote katika kazi ya kuchora wadudu lililomlazimu kuyaandika hayo. Angeweza kusema "mbegu zake ni dawa" na kuendelea na nondo. Wachora mimea wengi wa makoloni walifanya hivyo hivyo. Yeye alikaa akasikiliza mambo ambayo mwanamke humwambia mwanamke mwingine akiwa ameshachoka kuficha, akayachapa Amsterdam, mbele ya macho ya wanunuzi wa sukari. Na bado alikuwa na watumwa. Nimejaribu kuyapatanisha mambo haya mawili nikashindwa, na nimeacha kujaribu.

Nirudi kwa wadudu.

Kuna ukurasa wa mpera ambao ni vurugu tupu: buibui wakubwa wenye manyoya, utando, chungu wanaobeba vipande vya majani, wengine wamejiunga miili kuwa daraja kutoka tawi hadi tawi, na chini buibui amemwangusha chali kindege mdogo wa kule Amerika, yule anayenyonya maua kama chozi wetu. Maelezo yake ya chungu yalinifanya nisome kwa sauti. Anasema mara moja kwa mwaka hutoka kwa wingi usiohesabika, huingia nyumbani, hupita chumba baada ya chumba wakiua kila kidudu, na watu wenyewe hulazimika kutoka nje.

Siafu! Nani wa vijijini kwetu hajaamshwa usiku na kelele za kuku, akatoka mbio na mtoto mgongoni, akirukaruka kama aliyekanyaga makaa? Halafu asubuhi nyumba haina mende wala panya. Wa Suriname ni ndugu wa mbali wa siafu wetu. Ila hapa Merian amekosea: chungu wanaokata majani ni kabila moja na wale wanaovamia nyumba ni kabila jingine, naye amewafanya kuwa wamoja. Nadhani alisikia habari za hawa na kuwaona wale.

Makosa yapo mengine. Wenyeji walimletea wadudu wenye kichwa kikubwa kama taa, akawaweka kwenye kisanduku. Anasema usiku walipiga kelele, alipofungua wakatoka kama moto, na kwamba mwanga wa mmoja unatosha kusomea gazeti. Wadudu wale hawawaki. Kiota cha yule kindege amekiwekea mayai manne, na kwa kawaida huwa mawili. Karne ya 19, wanaume ambao Suriname hawajaikanyaga waliyachukua makosa hayo wakayafanya fimbo. Buibui anayekula ndege? Hadithi za mwanamke. Kisha mwaka 1863 Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 kwenye bonde la Amazon, akaandika kwamba amemkuta kwa macho yake buibui wa namna hiyo akiwa amekamata ndege wawili wadogo. Mjadala ukapoa.

Na muhogo. Nisiuache muhogo, maana ni wa kwao kabla haujawa wetu. Wareno ndio walioleta mmea huu Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Merian anaeleza unavyokunwa, unavyokamuliwa maji yake yenye sumu inayoua mtu na mnyama, kisha unga unavyotandazwa juu ya bamba la moto na kuwa mkate. Anayejua kwa nini muhogo mchungu hulowekwa na kuanikwa kabla ya kuwa makopa atausoma ukurasa huo kama barua ya shangazi.

Alikusudia kukaa zaidi. Homa, ambayo huenda ilikuwa malaria, ilimkatisha, na mwezi Juni 1701 akapanda meli kurudi. Aliandika baadaye kwamba joto la nchi ile lilikaribia kumgharimu maisha. Melini alikuwa na mijusi na nyoka kwenye vileo, vipepeo vilivyobanwa, mapupa, na mwanamke mmoja mwenyeji wa Suriname. Huyu naye hana jina.

Kitabu kilichotoka mwaka 1705 kinaitwa *Metamorphosis Insectorum Surinamensium*, picha 60, maandishi ya Kiholanzi na ya Kilatini. Picha ya kwanza ni nanasi, tunda ambalo Ulaya ya wakati ule lilikuwa la kifahari kuliko yote, na kwenye tunda hilo la wafalme ameweka mende. Sijui kama alicheka alipokuwa akilipanga hilo. Mimi nilicheka.

Michoro ya asili aliifanya kwa rangi za maji juu ya ngozi laini iliyoandaliwa kwa kupakwa weupe. Mabamba ya shaba machache aliyachonga mwenyewe, mengi aliwalipa mafundi. Lakini kuna mbinu moja ambayo sisi wa kompyuta inafaa tuione. Karatasi ikitoka kwenye mtambo, wino ungali mbichi, unaweka juu yake karatasi nyingine na kuipitisha tena. Ya pili inapata picha iliyogeuzwa, nyepesi, mistari kama pumzi, na ule mkandamizo wa bamba hauonekani. Ukiipaka rangi kwa mkono inakuwa kama mchoro wa asili. Nakala hizo ziliuzwa kwa waliojiweza. Ndiyo maana ukizunguka mtandaoni utakuta picha ile ile kiwavi anaelekea kulia, na kwingine anaelekea kushoto. Usidhani aliyeipakia amekosea.

Kuhusu kipepeo wa buluu wa Suriname, anasema alimtazama kwa lenzi akaona bawa limeezekwa vigae vidogo vidogo vya buluu, na kwamba uzuri ule hauwezi kufikiwa na brashi. Ninapochoka na kazi huwa narudi kwenye sentensi hiyo. Alikuwa na miaka 58 na mkono uliokuwa hauna mpinzani, akaandika kwenye kitabu cha kuuza kwamba hapa nimeshindwa.

Mwaka 1715 alipata kiharusi. Alifariki Amsterdam tarehe 13 Januari 1717. Wakati huo huo daktari wa Tsar Peter wa Urusi alikuwa mjini akinunua michoro yake kwa ajili ya bosi wake, na ndiyo sababu daftari lake la utafiti, lenye maelezo ya viwavi tangu ujana wake, liko St Petersburg hadi leo. Dorothea naye alihamia huko na mumewe kumfanyia kazi Tsar. Johanna Helena alikuwa ameshakwenda Suriname, akichora na kukusanya. Mswidi Linnaeus alipokuwa anawapa wadudu majina ya Kilatini katikati ya karne ile, kuna aina nyingi za Suriname alizozijua kwa picha za Merian. Wajerumani baadaye walimweka kwenye noti ya mark 500, kisha ikaja euro.

Amani iko juu ya Muheza, milima ya Usambara Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa vijiji vya huko walianza kufuga vipepeo na kuuza mapupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, kama walivyoanza wenzao wa Gede, Kenya, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke mwaka 1993. Mfugaji anakamata jike, anamweka kwenye kibanda cha wavu chenye mmea wake, anaokota mayai, analisha, anahesabu siku. Akikosea mmea hapati kitu. Pupa lazima lisafiri upesi, maana likipasuka njiani ni hasara. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao waliingia kwenye zuio, na wafugaji wakabaki na vibanda vyao. Nilipita huko siku moja na michoro ya Merian kwenye simu, nikamwonyesha mama mmoja aliyewahi kufuga. Hakushangaa picha ilikuwa ya zamani kiasi gani. Alivuta kioo kwa vidole viwili, akatazama jani, akasema, "Huyu alikuwa analisha asubuhi. Ona, ameacha uti. Wa usiku hauachi."

Sina uhakika kama ni kweli. Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari, na nikamwuliza jina lake, nikaliandika pembeni.

Wiki mbili zilizopita mama alinipigia simu kutoka Muheza. Tulimaliza habari za wagonjwa na za mvua, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba ameuacha mche mmoja, ule wa karibu na tangi la maji, hajaupulizia dawa.

"Wapo tisa," alisema. "Unakuja lini? Majani yanaisha."